Nani Kasema? Umejuaje? Shajara ya kijitabu cha maarifa na mamlaka

4 Mei

Leo tumeanza. Kikundi chetu cha kusoma, chenye watu 11 wanaokutana kila Jumamosi alasiri kwenye ua wa nyumba ya mwenzetu mmoja hapa Makole, Dodoma, kimekubaliana kuandika kijitabu cha Kiswahili kuhusu namna binadamu walivyojibu, zama baada ya zama, maswali mawili ambayo mtu wa kwetu huyauliza kila anapoletewa habari: nani kasema, na umejuaje. Swali la kwanza linatafuta mamlaka. La pili linatafuta njia iliyomfikisha msemaji kwenye maneno yake. Kijitabu kitakuwa na sura saba na kurasa zisizozidi 80, na lengo letu ni kutoa nakala 50 za kwanza kabla ya mwisho wa Septemba.

Wazo lilitoka darasani kwangu. Ninafundisha Historia katika shule ya sekondari, na mwezi Machi nilimuuliza mwanafunzi wa kidato cha tatu anajuaje kwamba dunia hulizunguka jua. Alisimama, akafikiri kidogo, akajibu kwa adabu: "Kitabu kimesema, na wewe Mwalimu ulisema." Darasa zima liliona amejibu vizuri. Mimi nilirudi nyumbani na mzigo moyoni, kwa sababu mtoto wa Ulaya wa mwaka 1500 angeulizwa kuhusu jua kuizunguka dunia angelitoa jibu hilo hilo, kwa kitabu kingine na mwalimu mwingine.

11 Mei

Wiki nzima imekwenda kwenye neno moja. Katika mji huu wa serikali, "mamlaka" ni neno la vibao vya milangoni: ya maji, ya mapato, ya hali ya hewa. Niliposoma aya yangu ya kwanza kuhusu mamlaka ya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, juu ya wasomi wa Zama za Kati, mama mmoja wa kikundi chetu aliuliza kama Aristotle aliwahi kuwa mtawala wao. Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Warumi wa kale walikuwa na maneno mawili mahali ambapo sisi tuna moja: "potestas" ni uwezo wa kuamuru, na "auctoritas" ni uzito wa mtu ambaye neno lake linasadikika. Cicero, mwanasiasa na mwandishi wao, aliandika kwamba ule wa kwanza uwe kwa wananchi na ule wa pili uwe kwa Seneti, baraza la wakuu.

Tumeamua kuandika "mamlaka ya amri" na "mamlaka ya neno", na kuyaeleza kwa mifano ya karibu. Mtendaji wa kata akikuagiza uhudhurie mkutano unakwenda hata kama hukubaliani naye, kwa kuwa ana mamlaka ya amri. Mkunga mzoefu akikuambia mtoto amekaa vibaya tumboni unamsadiki, ingawa hana uwezo wa kukulazimisha chochote, kwa kuwa ana mamlaka ya neno. Nadhani nusu ya ugomvi tutakaousimulia katika kijitabu hiki ulizuka pale ambapo mwenye moja alidai kuwa nayo ya pili.

Kwa upande wa maarifa, lugha yetu ilikuwa tayari imejaa. Shaka, yakini, dalili, hoja, hakika, akili, mantiki: yote haya tumeyapokea kutoka Kiarabu, na ndiyo maneno yale yale ambayo wanafalsafa wa Baghdad na Cordoba waliyatumia kubishana miaka mia tisa iliyopita. Sikuwahi kuliwaza jambo hili kabla ya wiki hii.

25 Mei

Sura ya kwanza, ya Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, imesomwa kwa sauti. Alishtakiwa Athens mwaka 399 kabla ya Kristo, akiwa na umri wa miaka 70 hivi, mbele ya baraza la raia ambao katika rasimu nimeandika kwamba walikuwa 501, akahukumiwa kunywa sumu. Yeye mwenyewe hakuandika kitu. Katika utetezi ulioandikwa na mwanafunzi wake Plato, anasimulia kwamba rafiki yake Chaerephon alikwenda Delphi, kwenye hekalu la kuagulia, kumuuliza mungu kama kuna mtu mwenye hekima kuliko Socrates, akajibiwa kwamba hakuna. Hapo mtu mwingine angejivuna kwa kuwa aliyesema ni mungu. Socrates alikwenda kuchunguza. Aliwahoji wanasiasa, kisha watunzi wa mashairi, kisha mafundi wa mikono, na kuhusu mafundi alisema jambo ambalo kikundi chetu kilitaka lirudiwe: kwamba walijua kweli kazi zao, lakini kwa sababu hiyo wakadhani wanajua na mambo mengine makubwa.

Fundi seremala tuliye naye alisema hilo linawahusu pia wenye shahada.

Plato alitoka kwenye hukumu ile na somo lililo kinyume na tulivyotarajia. Badala ya kutaka kila raia aulize umejuaje, aliona kura ya wengi imemuua mtu mwema kuliko wote, akafundisha kwamba dola ni kama merikebu ambayo usukani wake haupaswi kupiganiwa na mabaharia wasiojua nyota. Anayejua ndiye atawale. Kwa hiyo tangu kizazi cha kwanza kabisa baada ya Socrates, swali lililozaliwa ili kuwahoji wenye mamlaka liligeuka kuwa sababu ya kuwapa mamlaka watu wachache. Aristotle, aliyekaa katika shule ya Plato miaka 20, alishika njia ya katikati: uchunguzi uanzie kwenye yale yanayokubaliwa na watu wote, au na wengi, au na wenye hekima, kisha yapepetwe. Aristotle tumempa kurasa tatu tu, nasi tunajua hazimtoshi.

Kuna pendekezo kwamba mahojiano ya Socrates tuyaandike kwa ngonjera. Limenifurahisha kwa sababu Mathias Mnyampala, mshairi aliyezaliwa hapa Dodoma mwaka 1917, ndiye aliyeikuza ngonjera kuwa utanzu wa mashairi ya majibizano, na sijui umbo lingine la Kiswahili linalofaa zaidi kwa mtu anayeuliza na mtu anayebanwa.

1 Juni

Nimelazimika kuitupa rasimu yangu ya Zama za Kati. Nilikuwa nimeandika kama tulivyofundishwa: kwamba kwa karne nyingi watu walitii tu, kanisa likisema hakuna aliyeuliza, mpaka walipokuja wanasayansi wakafungua madirisha. Mwenzetu mmoja aliyesoma seminari alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa upole: "Umejuaje, Mwalimu?" Sikuwa na jibu zaidi ya kitabu changu cha zamani cha shule.

Alinipa kazi ya kusoma. Augustino, mtu wa Afrika Kaskazini aliyezaliwa mwaka 354 katika mji ambao leo uko Algeria, aliandika majibizano kati yake na mwanawe Adeodatus kuhusu ualimu. Ndani yake anauliza ni mzazi gani mjinga kiasi cha kumpeleka mwanawe shuleni akajifunze mwalimu anawaza nini. Kwa Augustino, mwalimu akishamaliza kusema, mwanafunzi huingia ndani yake mwenyewe na kupima kama yaliyosemwa ni kweli. Nimekaa na maneno haya tangu Jumatano, kwa sababu mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu alikuwa amekwenda shule kujua mimi nawaza nini.

Kisha Peter Abelard, karne ya 12, aliyekusanya maswali 158 ya dini na kupanga chini ya kila moja kauli za mababa wa kanisa zinazopingana, bila kuwapatanisha, ili wanafunzi washindane nazo. Alisema kwamba kwa kutilia shaka tunafika kwenye kuuliza, na kwa kuuliza tunafika kwenye kweli. Kisha Thoma wa Akwino, karne ya 13, ambaye aliandika waziwazi kwamba hoja inayosimama juu ya mamlaka ya binadamu ndiyo dhaifu kuliko zote, ingawa ile inayosimama juu ya ufunuo wa Mungu aliihesabu kuwa ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Watu hawa waliitii mamlaka, lakini waliipanga ngazi kwa ngazi na walijua neno lipi lina uzito kwa sababu gani. Sura mpya itaanza na kosa langu, nami nimeomba libaki katika kijitabu.

8 Juni

Ustadhi wa madrasa ya jirani ameanza kuhudhuria, na leo ndiye aliyeongoza. Nilikuwa nimeandika sentensi moja iliyosambaa sana, kwamba Al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, aliua falsafa katika Uislamu. Ustadhi alisema sentensi hiyo ni ya mtu ambaye hakusoma. Ni kweli kwamba Al-Ghazali aliwashambulia wanafalsafa katika masuala 20, na katika matatu kati ya hayo akawahesabu kuwa wametoka katika dini. Lakini mantiki aliishikilia kwa mikono miwili, hata akaandika kwamba asiyeimiliki mantiki elimu yake haitegemeki. Na mtu anayekanusha hesabu za kupatwa kwa jua na mwezi akidhani anaitetea dini, Al-Ghazali alisema huyo anaidhuru.

Ustadhi alitufafanulia pia neno taklidi, yaani kumfuata mtu bila kuijua dalili yake. Al-Ghazali anasimulia kwamba alipokuwa kijana aliona watoto wa Wakristo wanakua Wakristo, wa Wayahudi wanakua Wayahudi, na wa Waislamu wanakua Waislamu, akajiuliza ni kipi kinabaki kwa mtu kikiondolewa kile alichorithi kwa wazazi na walimu. Akaanza kuvipima vyanzo vya yakini. Je, macho? Macho yanaona kivuli kimesimama, kumbe kinatembea.

Ilikuwa saa kumi kasoro. Ustadhi alichukua chaki, akachora mstari sakafuni kwenye ukingo wa kivuli cha nguzo ya baraza, akatuambia tunywe chai na tukitazame kivuli bila kupepesa. Tulikitazama watu kumi na wawili. Hakuna aliyekiona kikisogea hata chembe, na mtoto wa mwenye nyumba alisema kwa uhakika kwamba kimesimama. Chai ilipokwisha, kati ya chaki na kivuli palikuwa na nafasi ya kiganja kizima. Al-Ghazali anasema akili ndiyo iliyolihukumu jicho kuwa la uongo. Kisha anauliza, na hapo ndipo alipougua shaka kwa miezi karibu miwili, ni nani atakayeihukumu akili. Sijapata kuliona swali kubwa hivyo likiletwa kwa chaki.

Kabla ya kuondoka alitueleza sanadi, mnyororo wa wapokezi: hadithi haipokelewi mpaka ijulikane nani aliisikia kwa nani, na kila mmoja katika mnyororo alikuwa mtu wa namna gani. Kwetu sisi hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu sanadi inajibu maswali yote mawili ya kijitabu kwa pamoja. Aliyesema anatajwa, na njia ya kujua inawekwa wazi ili yeyote aikague.

22 Juni

Hakuna maendeleo. Umeme ulikatika wakati nikirekebisha sura ya pili na kurasa sita hazikuwa zimehifadhiwa. Nimeziandika upya kwa mkono.

29 Juni

Tumebishana muda wa saa mbili kuhusu Zera Yacob. Maandishi yanayobeba jina lake, kwa lugha ya Kigeezi, yanajitambulisha kuwa yaliandikwa Ethiopia mwaka 1667 na mtu aliyekimbia mateso ya kidini akajificha pangoni. Humo anaona kwamba kila mtu anasema imani yake ndiyo ya kweli, anauliza nani atakuwa mwamuzi, na anaitegemea akili ambayo Mungu amempa kila mwanadamu. Tulitamani sana kumweka katikati ya kijitabu, Mwafrika wa karne ya Descartes, mwanafalsafa mashuhuri wa Ufaransa. Tatizo ni kwamba nakala ilifika Ulaya katika karne ya 19 kupitia mmisionari wa Kiitalia, Giusto da Urbino, na mwaka 1920 msomi Carlo Conti Rossini alitoa hoja kwamba mmisionari huyo ndiye aliyeitunga. Claude Sumner, aliyefanya kazi Ethiopia miaka mingi, aliitetea kuwa ya Zera Yacob mwenyewe. Mjadala haujaisha.

Wengine walitaka tuifute sura. Wengine walitaka tuichape na kunyamaza kuhusu ubishi. Nilisimama upande wa tatu na nimefurahi kwamba kikundi kilikubali: tutaeleza maandishi yanasema nini, tutaeleza ubishi wote, na tutamwachia msomaji swali gumu, kama hoja njema inapungua uzito tukibadilisha jina la aliyeitoa. Kitabu kinachofundisha kuuliza umejuaje hakiwezi kumficha msomaji swali hilo linapotugeukia sisi.

13 Julai

Sura ya sayansi mpya imekuja kwa urahisi, kwa sababu methali zetu zilikuwa zimetangulia. "Mwenye macho haambiwi tazama" ndiyo habari ya Galileo, mwanasayansi wa Italia, ambaye mwaka 1610 alitangaza kwamba kwa darubini ameona vitu vinne kama nyota, yaani miezi yake, vikiizunguka sayari ya Jupita, na mwaka 1633 akalazimishwa na mahakama ya kanisa kuikana kauli kwamba dunia inazunguka. Wanasayansi wa London walioanzisha chama cha kisayansi mwaka 1660 walichukua kaulimbiu ya Kilatini yenye maana kwamba hawaapi kwa neno la mtu yeyote. Nayo "akili ni nywele, kila mtu ana zake" ni karibu ukurasa wa kwanza wa kitabu cha Descartes cha mwaka 1637, kinachofunguka kwa kusema kwamba akili njema ndiyo kitu kilichogawiwa vizuri kuliko vyote duniani. Descartes alikiandika kwa Kifaransa, lugha ya watu wake, akieleza kwamba wanaotumia akili zao za asili watamhukumu vizuri kuliko wale wanaoamini vitabu vya kale peke yake. Nimeuweka mstari huo kwenye utangulizi wetu, kwa ajili ya wote wanaoniuliza kwa nini falsafa kwa Kiswahili.

Hata hivyo, darubini haikumaliza kazi ya mamlaka ya neno. Aliyekuwa mbali alipaswa kumsadiki aliyechungulia, na ndiyo maana wanasayansi wale walianza kuandika majaribio yao kwa undani, wakiyafanya mbele ya mashahidi. Ustadhi aliiita sanadi ya maabara.

27 Julai

Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, amechukua vikao viwili, na lawama ni ya watumishi wa umma tulio nao.

Katika makala yake ya mwaka 1784 Kant anasema mwangaza wa fikra ni binadamu kutoka katika utoto aliojitakia mwenyewe, utoto wa kutothubutu kutumia akili bila kuongozwa na mwingine. Thubutu kujua, anasema. Lakini kisha anagawa. Afisa wa jeshi anapopewa amri hawezi kusimama kubishana, mlipa kodi hawezi kukataa kulipa, kasisi hawezi kwenda kinyume na kanisa lake akiwa madhabahuni. Hata hivyo watu hao hao, wakiandika kama wasomi mbele ya wasomaji wote, wana haki ya kueleza makosa ya jeshi, ya kodi na ya mafundisho. Mwenzetu anayefanya kazi katika idara moja alisema Kant ameeleza maisha yake: ofisini anatekeleza, na Jumamosi anauliza. Mwingine alimjibu kwamba mtu anayenyamaza siku tano mdomo wake huota kutu siku ya sita. Niliandika majibizano yao neno kwa neno na yataingia kama ngonjera ya pili.

Kisha nilisoma sehemu ambayo nilikuwa nimeiogopa. Kant huyo huyo, katika kitabu cha mwaka 1764, anataja neno lililosemwa na mtu mmoja, kisha anaandika kwamba mtu huyo alikuwa mweusi kutoka utosini hadi nyayoni, na kwamba huo ni ushahidi tosha kuwa alichosema ni upumbavu. Ua ulikaa kimya. Hapa hakuna aliyeuliza mtu yule alijuaje. Swali la nani kasema lilijibiwa kwa ngozi, na mlango ukafungwa. Sitamfuta Kant kwa sababu hiyo, maana silaha ya kumkosoa ametupa mwenyewe. Lakini sentensi zake mbili zitachapwa kwenye kurasa zinazotazamana.

10 Agosti

Tumekwenda Kongwa, watu wanne, kwa basi hadi Mbande na kutoka hapo kwa bodaboda. Safari hii ilitokana na kikao cha Kant. Tulitaka kuona mahali ambapo kutokuulizwa kuliandikwa ardhini.

Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyekuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, ulizunguka kwa wiki chache na kupendekeza mradi wa karanga wa zaidi ya ekari milioni 3 katika Afrika Mashariki na ya Kati, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika, ili kuipatia Uingereza mafuta ya kula baada ya vita. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Hadi serikali ya Uingereza ilipoufunga mwezi Januari 1951, mradi ulikuwa umekula kiasi cha pauni milioni 36. Matrekta yalivunjikia kwenye vichaka na mizizi, mvua haikuja kama ilivyotegemewa, na udongo wa mfinyanzi uliganda kiangazi hata karanga zikawa haziwezi kung'olewa.

Tulimkuta mzee wa zaidi ya miaka 80, aliyekuwa mtoto mdogo wakati huo. Tulimwamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi", akafurahi, akatupeleka shambani kwake. Alinipa jembe, akaniambia nilime mahali alipoelekeza kwa fimbo. Jembe lilidunda. Nilipiga mara ya pili kwa nguvu zote na kilichobanduka kilikuwa bonge la ukubwa wa ngumi, kingo zake kali kama kigae. "Udongo huu ukilowa ni uji, ukikauka ni tofali," alisema. Kisha akanivusha hatua kama sitini hivi, kwenye ardhi nyekundu yenye kichanga, na huko jembe liliingia bila taabu. Huko ndiko anakolima karanga hadi leo, kidogo kidogo, pembeni ya uwele na mtama. Nilimuuliza kama wazee wake waliulizwa kuhusu ardhi ile. Alisema waliulizwa wangapi wanaweza kufanya kazi.

Sitaki kumfanya mzee huyu kuwa jibu la kila kitu. Mkulima wa Kongwa asingeweza kueleza injini au bei ya mafuta London. Lakini watu wa Ugogo walikuwa wamepita katika njaa ya 1917 hadi 1920, iitwayo Mtunya, na walikuwa na kumbukumbu ya mvua ambayo hakuna ujumbe wa wiki chache ungeweza kuikusanya. Miranda Fricker, mwanafalsafa wa Uingereza, mwaka 2007 alilipa jambo hili jina: dhuluma anayotendewa mtu kama mjuzi, pale neno lake linapopunguziwa uzito kwa sababu ya chuki dhidi ya watu wa aina yake. Tutamweka katika sura moja na bonge lile la udongo. Nimelileta nyumbani, liko mezani ninapoandika.

24 Agosti

Msimu wa zabibu umefika na nusu ya kikundi iko mashambani, kwa hiyo tulikuwa watano. Nilisoma sura ya Afrika ya karne ya 20.

Tuliogopa kwamba baada ya Kongwa wasomaji watahitimisha kuwa neno la mzee ni la mwisho. Ndiyo sababu Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Nairobi, amekuwa mwokozi wa sura hii. Aliwahoji wazee wa Kenya na hakuishia kuandika walichosema. Aliwauliza tena, kwa nini? Akatofautisha mwenye hekima anayeyajua vizuri mapokeo ya watu wake na mwenye hekima anayeweza kusimama nje yake na kuyapima. Kwasi Wiredu wa Ghana, mwaka 1980, aliutaja waziwazi ubabe wa mamlaka kuwa mojawapo ya maradhi yanayozuia fikra katika jamii zetu, naye alisema hivyo akiwa mtoto wa nyumbani. Tumeweka methali mbili zitazamane: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu" na "Kuuliza si ujinga". Zote ni za wazee hao hao.

Nilipoirudia hotuba ya mzee wa Kongwa kwenye daftari langu, niligundua kwamba alipita mtihani wa Oruka bila kujua yupo mtihanini. Sikusadiki kwa sababu ya mvi zake. Alinipa jembe.

Na Mwalimu Nyerere, katika waraka wake wa Machi 1967 kuhusu elimu ya kujitegemea, alilalamika kwamba shule zetu zinamfanya mwanafunzi aamini kuwa maarifa yote yenye maana hutoka vitabuni au kwa watu waliosoma, na kwamba hekima ya wazee wengine inadharauliwa. Alitaka elimu ijenge akili inayodadisi. Nimefundisha waraka huo miaka kumi na miwili, nikiuliza katika mitihani utaje malengo yake matatu.

31 Agosti

Sura ya mwisho ni fupi. Mwaka 1985 John Hardwig, mwanafalsafa wa Marekani, alitumia mfano wa makala ya fizikia yenye waandishi 99: hakuna hata mmoja kati yao aliyeweza kuyathibitisha yote yaliyomo, kila mmoja alimsadiki mwenzake. Kwa hiyo hata mjuzi mkuu anaishi kwa imani katika maneno ya wengine, na ndoto ya kila mtu kujithibitishia kila kitu haikuwezekana kamwe. Swali linalobaki ni nani anastahili kusadikiwa, na kwa kuangalia nini. Mama aliyeuliza kuhusu Aristotle alitusomea kutoka kwenye simu yake ujumbe uliosambazwa kuhusu dawa ya presha, unaoanza na "daktari mmoja amesema". Ustadhi aliuliza daktari yupi, alimwambia nani. Ujumbe wenyewe tumeuweka kama zoezi la mwisho.

14 Septemba

Aliyetuahidi kutuchapia bila malipo amejitoa. Tumechanga, tumetoa nakala 30 kwa fotokopi na kuzibana kwa springi, kurasa 76.

Nakala ya kwanza nilimpa yule mwanafunzi wangu. Ameirudisha baada ya siku tatu ikiwa na alama za penseli, na kwenye ukurasa wa 12, pembeni ya sentensi inayosema Socrates alihukumiwa na raia 501, ameandika kwa herufi ndogo: "Mwalimu, umejuaje?"

Nilirudi kwenye maandishi yote tuliyotumia. Plato hatoi idadi ya waamuzi. Anasema tu kwamba kura 30 zingehama upande, Socrates angeachiwa. Idadi ya 501 ni makisio ya wasomi kutokana na desturi ya mahakama za Athens na taarifa za waandishi waliokuja baadaye. Nimeandika sentensi upya: "Raia waliomhukumu hukadiriwa kuwa kama 500, Plato, mwanafunzi wake, anasema kura 30 tu zingetosha kumwokoa." Kesho nitatoa kopi za ukurasa huo mmoja na kuzibandika kwenye nakala 29 zilizobaki. Nakala yenye penseli sitaibadilisha.